Mapacha Tumboni: Kabla Hujauliza Jinsia, Uliza Kondo la Nyuma Ni Moja au Mawili

Haya wadau, wiki hii ubuyu ulikuwa mmoja tu. Staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, kapost picha ya ultrasaundi, watoto wawili tumboni, mioyo kibao. Komenti zikafurika: "Wa kike au wa kiume?" "Baba nani?" "Hongera mama Kulwa na Doto!" Nimezisoma mpaka simu ikabaki asilimia nne. Sikuona hata mmoja aliyeuliza swali ambalo mimi huku Somanda naliuliza kwanza: wanatumia kondo la nyuma moja, au kila mtoto ana lake?

Msinicheke. Mimi si daktari, nimeishia fom foo. Hili nimelijua kwa ajili ya dada yangu.

Usukumani mapacha si habari mpya. Wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, atakayezaliwa baada yao Shija. Majina yalikuwepo kabla ya mashine. Zamani mama wengi walijua siku ileile ya kujifungua, Kulwa katoka, mkunga anashika tumbo anakuta bado kuna mtu. Sasa hivi mashine inaonyesha mapema. Ila sisi vijana tumeigeuza kama studio ya picha: ukishapata ya kupost, umemaliza.

Dada aligundulika ana mapacha wiki ya 13. Huo ndio muda mzuri, kati ya wiki ya 11 na ya 14, maana daktari anaona vizuri kondo ni ngapi. Baadaye inakuwa ngumu. Akaambiwa kondo ni moja, kwa hiyo kuanzia wiki ya 16 arudi kila baada ya wiki mbili. Wenye makondo mawili huwa wanarudi kila wiki nne hivi.

Nyumbani moto ukawaka. Mama mkwe wake akasema, "Mayu, si mmeshawaona wako wawili? Mnarudi kuwahesabu?" Shemeji alinyamaza, ila wote tulijua anawaza nini. Pamba ilikuwa bado shambani, na nauli na hela ya kipimo kila wiki mbili si mchezo.

Sasa sikilizeni. Watoto wakitumia kondo moja, mishipa yao huungana humo ndani, na damu inaweza kuanza kwenda zaidi upande mmoja. Anayetoa anapungukiwa, maji kwenye chupa yake yanakauka. Anayepokea anazidiwa, maji yanajaa, moyo unaelemewa. Hii huwapata kama mimba 10 hadi 15 katika kila 100 za aina hiyo. Mama anaweza asihisi chochote, au aone tu tumbo limekua haraka. Tepu ya nesi inapima tumbo zima, haiwezi kukuambia nani ndani anakosa. Ultrasaundi inaonyesha maji ya kila mmoja, ukuaji wake na jinsi damu inavyopita kwenye kitovu.

Dada aliuza mbuzi wake wawili, akaendelea kwenda. Mara zote maji yalikuwa sawa. Wiki ya 28 wakaona Doto haongezeki kama mwenzake. Akapewa rufaa ya Bugando, Mwanza, akalazwa, wakawa wanamwangalia kila mara. Wiki ya 33 akafanyiwa upasuaji. Kulwa kilo 1.9, Doto kilo 1.4. Wiki kadhaa dada na mimi tulipokezana kuwabeba kifuani, ngozi kwa ngozi. Leo wanagombania kijiko. Mama mkwe anasema ni Mungu, na mimi sibishi.

Kuna wanaosema mionzi inaharibu watoto. Ultrasaundi si eksirei, inatumia mawimbi ya sauti. Madaktari wa Glasgow walitangaza matumizi yake kwa wajawazito mwaka 1958, na tangu hapo haijaonekana kuwadhuru watoto ikifanywa na mtaalamu kwa sababu ya matibabu.

Halafu mashine nayo haioni kila kitu kwa mara moja. Mwaka 2021 mama mmoja wa Mali alipimwa akaambiwa watoto saba. Alipojifungulia Casablanca, Morocco, wakatoka tisa! Wote wako hai. Kama wataalamu wanaweza kupishana na wawili, picha yako moja ya insta inatosha vipi?

Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apimwe angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Hiyo ni kwa wote. Wa mapacha anahitaji zaidi. Kwa hiyo shosti, ukiambiwa wako wawili, uliza: kondo ni ngapi? Nirudi lini? Maji na ukuaji vinalingana? Mwishoni uliza wa mbele kakaaje, maana hapo ndipo mnajua njia ya kujifungulia. Wakiwa wa kike na wa kiume, jua kila mmoja ana kondo lake. Wakiwa jinsia moja, usikisie, omba iandikwe kwenye kadi.

Na nyie mashemeji, hela ya kupiga picha ya kutangaza jinsia mnaipata. Ya kurudi kliniki je?

Wenye mapacha tukutane kwenye komenti. Wewe uliambiwa kondo ni ngapi, au hukuambiwa kabisa?