Safari ya Igogo kutafuta kijino cha bunduki

Watu huenda Mwanza kwa mambo mengi. Mmoja hupeleka mgonjwa, mwingine huuza dagaa, mwingine humtafuta mwanawe aliyepotelea mjini. Mimi nilikwenda kwa ajili ya kipande cha chuma kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Mkitaka kucheka, chekeni. Lakini nisikilizeni kwanza.

BUNDUKI YA MAREHEMU BABA

Kwetu ni upande wa Sengerema. Marehemu baba alituachia bunduki ya upepo, aliyoinunua kwa fedha za pamba katika miaka ile ambayo vyama vya wakulima vya Usukuma, vilivyoungana mwaka 1955, vilikuwa na nguvu kweli kweli. Alama yake ni Diana, jina la kampuni iliyoanzishwa mwaka 1890 katika mji wa Rastatt, Ujerumani. Sisi huitumia kwa panya wa ghalani na kuwatisha kunguru wanaonyakua vifaranga.

Bunduki ya namna hii haina baruti. Ukiukunja mtutu wake, springi nene iliyo ndani hubanwa nyuma pamoja na pistoni. Hapo kijino kidogo cha chuma huinasa pistoni na kuizuia isirudi. Ukivuta kifyatuo, yaani ule ulimi wa chini unaoguswa kwa kidole, kijino huachia; pistoni huruka mbele, na upepo uliobanwa husukuma kirisasi chenye upana wa milimita 4.5. Basi ona: nguvu yote ile imeshikwa na kijino kimoja tu.

Wala mtu asiseme kwamba upepo ni mchezo wa watoto. Karibu na mwaka 1780 jeshi la Austria lilipewa bunduki za upepo zilizobuniwa na Girandoni, nazo ziliweza kuua mtu. Yetu ni ndogo mbali na hizo, lakini jicho la mtoto halihitaji bunduki kubwa.

NDOO ILIYOTOBOKA

Mdogo wangu alikuwa akilalamika siku nyingi kwamba kifyatuo ni kigumu, kinauvuta mkono na kuharibu shabaha. Mimi nilikubaliana naye. Akaifungua bunduki, akakipeleka kijino kwa kijana mmoja mwenye jiwe la umeme la kunolea, kikasagwa kidogo. Iliporudishwa, kifyatuo kilikuwa chepesi kama unyoya. Tukafurahi, tukasifiana.

Jumapili moja, baada ya kutoka Misa, nilimwona kunguru juu ya paa. Nikaikunja bunduki, nikatia kirisasi. Kunguru akaruka zake. Hapo nikafanya kosa langu: badala ya kupiga chini mchangani ili iwe tupu, niliiegemeza kwenye mpera, nikaenda kumfunga ndama. Hakuna aliyeigusa. Ilijifyatua yenyewe.

Mjukuu wangu alikuwa anapita na ndoo ya maji kichwani. Tuliona maji yakiruka kwa mbele kama bomba. Mtoto akacheka, akidhani ni mchezo. Mimi miguu iliniishia, nikaketi chini. Kati ya tundu lile na paji la uso wake palikuwa na upana wa vidole vinne.

Mke wangu hakupiga kelele. Aliniambia tu, “Baba watoto, ama uitengeneze, ama ukaitupe ziwani.”

NJIANI KWENDA MJINI

Kesho yake nilianza na kituo cha polisi. Nchi yetu ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mwenye kitu cha namna hii asikisie. Aende akaulize, aonyeshe karatasi zake. Kisha mwalimu mmoja wa ufundi akanisaidia kuifungua, huku springi imebanwa kwa jiriwa, kwa maana ikikuruka inaweza kuvunja meno. Bunduki tukaiacha nyumbani imefungiwa. Mimi nikachukua kijino, kipini chake na kispringi cha kifyatuo, nikavitia katika kibweta cha kiberiti.

Zamani safari yetu ilikuwa ya kungoja kivuko pale Busisi, na foleni ilikuwa ndefu. Tangu Juni 2025 tunapita juu ya Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, na maji ya ziwa yapo chini pande zote mbili. Halafu Usagara, Buhongwa, Nyegezi, Butimba, Mkuyuni, na baadaye Igogo, karibu na kuingia mjini.

Kwanza nilipita moja kwa moja hadi mjini. Katika maduka ya vifaa wauzaji walikigeuza-geuza kijino changu kama mtu anayetazama jino la ng'ombe. “Hatuna, mzee.” Mmoja akaniambia, “Kitu hiki huletwa kutoka Ulaya, na bunduki yenyewe ni ya zamani. Nenda Igogo. Kule kama chuma kipo duniani, watakipata.” Nikageuka, nikarudi Igogo.

IGOGO, WATU JUU YA MAWE

Aliyefika Mwanza anajua kwamba mji ule umejengwa na mawe kabla ya kujengwa na watu. Igogo ni hivyo hasa. Mlima umejaa majabali makubwa kuliko nyumba, na nyumba zimejipenyeza katikati yake, nyingine zimelalia jiwe kwa mgongo. Njia ni za kupanda kwa magoti. Akina mama hupanda na ndoo za maji kichwani, nami kila nilipoona ndoo nilikumbuka yangu.

Ukisimama juu unaona ghuba yote. Chini ipo barabara, kisha reli, iliyofika Mwanza mwaka 1928, kisha bandari ya Mwanza Kusini. Huko ndiko ilikoundwa meli ya MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023, yenye nafasi ya abiria 1,200. Harufu ya samaki hupanda na upepo, na korongo wamesimama juu ya mabati kama wazee wa baraza.

Mahali penye meli, reli na magari mengi hapakosi chuma kilichochoka, na penye chuma kilichochoka hapakosi fundi. Nikapita kutoka kibanda hadi kibanda. Kwa fundi cherehani nilichambua kopo zima la springi, nikapata moja yenye unene ule ule wa yangu. Kwa muuza beringi nilipata kijiti kutoka ndani ya beringi chakavu: kigumu, laini kama kioo, na kinaingia katika tundu la kipini bila kuchezacheza. Vitu viwili tayari. Kilichobaki ni kijino, na kwa hicho wote walinielekeza kwa mzee mmoja aliye chini ya jabali.

MZEE WA CHINI YA JABALI

Nilimkuta ameketi mbele ya moto wa mkaa, kipande cha reli ndicho fuawe yake.

“Mwangaluka, mzee.”

“Mwangaluka, mwanangu. Mhola?”

“Mhola, mzee.”

Nikafungua kibweta. Akavaa miwani, akakipitisha kijino juu ya kucha yake. “Nani amekisaga hiki?”

Nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, kisha akanifundisha. Chuma kama hiki, alisema, mara nyingi kiwandani hufanywa kigumu ngozi ya nje tu; ndani ni laini. Ukikisaga unaondoa ngozi, nyama laini ikabaki kushika mzigo wa springi. Kila mfyatuo ncha huzidi kuwa ya mviringo, mpaka siku moja inateleza yenyewe. “Hamkufanya kifyatuo kuwa kizuri,” alisema. “Mlimfukuza mlinzi, mkafurahi kwamba mlango unafunguka upesi.”

Nami kwa ukaidi nikamwomba, “Basi mzee, nifanyie kipya, lakini kiwe chepesi kidogo.”

Akavua miwani. “Mwanangu, umekuja na hesabu ya kidole chako, au ya kichwa cha mtoto?”

Sikuwa na jibu.

KAZI YA MOTO

Alichukua tupa ya zamani iliyokwisha meno, kwa sababu tupa ni chuma cha pua na ugumu wake umepenya mpaka ndani. Aliipasha moto hadi ikawa nyekundu, akaifukia katika majivu ipoe polepole, ikawa laini ya kukatwa. Akachonga kijino, akipima kila mara na kile cha zamani pale ambapo hakikusagwa. Ilichukua karibu saa tatu.

Kisha akakirudisha motoni. Alikuwa na sumaku ya spika ya redio, akakisogezea kila mara. Chuma kikifikia joto la kadiri ya digrii 770, sumaku haikivuti tena. Hiyo ndiyo dalili. Akakipasha kidogo zaidi ya hapo, akakitumbukiza katika oili. Sasa kilikuwa kigumu, lakini kingevunjika kama chupa. Kwa hiyo akakisugua mpaka kikang'aa, akakipasha tena taratibu juu ya bati, hadi rangi yake ikawa kama majani makavu, kisha ikaelekea hudhurungi. Hapo akakiondoa. “Kigumu cha kutosha kushika,” alisema, “na kivumilivu cha kutosha kisivunjike.”

Mikono ile ilinikumbusha kwamba kanda yetu si ngeni kwa chuma. Huko Geita Warongo walijulikana tangu zamani kwa kuyeyusha mawe ya chuma katika tanuri za udongo na kufua majembe. Ujuzi huo haukununuliwa dukani.

Alipokea fedha zake, akanipa na maagizo. Kwanza, nikisharudisha vipande, nitie kirisasi na kuelekeza mtutu katika sanduku la mchanga, maana kuifyatua tupu huiumiza pistoni. Pili, nitundike dumu kwenye kifyatuo na kulijaza maji kidogo kidogo. Lita moja ni kilo moja. Kikiachia kabla ya lita moja na nusu, nisikitumie. Tatu, nikiwa nimeikunja, huku mtutu ungali mchangani, nigonge kitako kwa nyundo ya mpira. Ikijifyatua, nimrudishie kijino.

NYUMBANI

Tulifanya kama alivyosema, watoto wote wakiwa wamepelekwa kwa jirani. Kifyatuo kiliachia karibu na lita ya pili. Tuligonga kitako mara kumi. Bunduki ilinyamaza kama jiwe la Igogo. Na kwa kuwa kijiti cha beringi ni laini na springi ni mpya, kifyatuo hakikwaruzi tena. Si chepesi, lakini kinakwenda sawasawa, na shabaha ya mdogo wangu imekuwa bora kuliko zamani. Kumbe tulichokichukia hakikuwa uzito wake; kilikuwa kukwaruza kwake.

Najua kwamba katika michezo ya Olimpiki, ambayo ilianza kushindanisha bunduki ya upepo ya mita 10 mwaka 1984, wapigaji hutumia vifyatuo vyepesi mno. Lakini wale husimama mstari mmoja na kungoja amri, na mbele yao hapiti mtoto mwenye ndoo. Hata huko, bastola ya upepo haikubaliwi ikiwa kifyatuo chake hakiwezi kubeba gramu 500.

Wenzangu mlio na bunduki ya upepo iliyorithiwa, itazameni wiki hii, na msiiache kamwe imekunjwa ikingoja. Mkitaka kuirekebisha, ulizeni kwanza kwa wenye sheria, kisha mtafute fundi atakayethubutu kuwakatalia.

Ile ndoo mke wangu hakuitupa. Ameitundika ukutani juu ya bunduki, tundu likiwa limeelekea mlangoni, na kila nichukuapo ufunguo lazima nilitazame.