Kamera Nayo Ipige Hodi

Katika filamu za zamani za ukoo wetu wanaume wako kila mahali, na wanawake hawako popote. Yumo ami yangu akitoka msikitini asubuhi ya Idd, kanzu yake ikimetameta. Wamo wavulana wakijitupa majini, na wazee wakibarizi nje, mikongojo mikononi. Waliopika vyakula vya Idd hiyo, waliozifua kanzu hizo na kuzipiga pasi ya makaa, hawaonekani hata kwa kivuli. Wengi husema sababu ni sitara, na sitara imo. Lakini ipo sababu nyingine isiyotajwa sana, nayo ni mwanga.

Ami, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa baharia, na kamera hiyo aliinunua safarini. Ni kamera ya Super 8, aina iliyoletwa na Kodak mwaka 1965. Filamu yake huja ndani ya katriji ya plastiki: unaitia ubavuni, unafunga kifuniko, unabonyeza. Kabla yake, tangu mwaka 1932, zilikuwapo kamera za milimita 8 za gurudumu, ambazo filamu yake ilipitishwa mara mbili, kila mara upande mmoja, kisha ikapasuliwa katikati baada ya kusafishwa. Zote zilikusudiwa mtu wa kawaida mwenye watoto na jamaa, si mtengenezaji wa sinema. Katriji moja ina futi 50, yaani mita 15, na kwa mwendo wa picha 18 kila sekunde hudumu dakika 3 na sekunde 20. Basi. Mwenye kamera alilazimika kuchagua la kukumbukwa.

Filamu hupimwa kwa namba ya kasi. Kasi hapa si ya kukimbia, ni wepesi wa kupokea mwanga. Kodachrome aliyoitumia ami ilikuwa na namba 40, na nje, kichungi cha jua kikiwa mahali pake, ilishuka hadi 25. Filamu ya namna hiyo hutaka jua kali. Nyumba za Mji wa Kale nazo zilijengwa kulikimbia jua: kuta nene za mawe ya matumbawe, madirisha ya kuzuia joto na macho ya mpita njia, na vyumba vya ndani vyenye kiza cha kupoza hata saa saba za mchana. Kumpiga mtu picha humo kulihitaji taa kubwa ya kuumiza macho. Mwaka 1971 Kodak ilitoa kamera za XL, zilizoruhusu mwanga mwingi zaidi, pamoja na filamu ya namba 160, ili watu wapige picha kwa taa za nyumbani. Katika nyumba yetu hazikuingia. Kwa hiyo kumbukumbu ikafuata jua. Jua lilikuwa nje, na nje walikuwa wanaume.

Leo mambo yamebadilika. Katriji za Super 8 zingali zinatengenezwa, na mojawapo ni negativu ya rangi yenye namba 500, iitwayo Vision3 500T, ndugu ya filamu zitumiwazo katika sinema kubwa. Wepesi wake ni zaidi ya mara 12 wa ile Kodachrome ya ami, nayo imetungwa kwa mwanga wa taa. Balbu moja ya kawaida, ikishushwa hadi mita moja kutoka kwa mtu, yatosha kuuleta uso wake au mikono yake. Kamera iliyonunuliwa kwa ajili ya jua sasa inaweza kuingia chumba cha ndani.

Nilipoirithi kamera hiyo niliitengeneza kidogo kidogo. Kipimo chake cha mwanga kilitumia betri ndogo ya zebaki ambayo haiuzwi tena, ikabidi nitafute ya aina nyingine inayokaribia nguvu zake. Kamera nyingi za zamani hutambua namba mbili tu, 40 na 160. Hata ikiisoma 500 kama 160, filamu hupata mwanga takriban mara tatu ya inaouhitaji, na negativu huvumilia ziada vizuri kuliko upungufu. Adui wake ni jua letu. Mchana mweupe, hata tundu la lenzi likifungwa mpaka mwisho kwenye namba 16, mwanga unaopita ni kama mara 12 ya unaotakiwa. Hapo hufungwa kichungi cha kijivu mbele ya lenzi. Kwa wenye kamera za gurudumu kuna hadhari nyingine. Filamu zao za kale zilipachikwa kivulini tu, lakini filamu nyepesi kiasi hiki yafaa ipachikwe gizani kabisa, la sivyo kingo zake huungua kwa mwanga.

Hayo yote ni ya kifundi, na fundi huyapatia dawa. Gumu lilikuwa jingine.

Kodachrome ilikuwa picha iliyokamilika. Ikisharudi kutoka kusafishwa, uliitia ndani ya projekta, ukatundika shuka jeupe, watu wakatazama, kisha ikarudi ndani ya kopo lake. Negativu haikubali hivyo. Rangi zake zimepinduliwa: jeupe ni jeusi, buluu ni manjano, na juu ya yote kuna utando wa rangi ya chungwa. Haitazamiki kwa projekta. Kwanza husafishwa kwa dawa za sinema, ambazo studio ya picha ya mtaani haina, kisha hupitishwa kwenye mashine inayoigeuza kuwa faili la kompyuta. Hapo ndipo yupo mtu. Kodachrome nayo ilipita mikononi mwa wageni ikisafishwa, lakini hapakuwa na haja ya mtu kuketi na kuitazama. Negativu hutaka mtu akae mbele ya kioo, asimamishe picha, auangalie uso na kuuliza, je, rangi ya ngozi hii ni sawa? Na likishakuwa faili, halikai tena ndani ya kopo. Sote twajua jinsi video ya harusi inavyotoka chumba cha wanawake usiku na kufika simu za mtaa mzima kabla ya alfajiri.

Nilitaka kumpiga bibi picha akisuka ukili. Ana miaka zaidi ya themanini, na mkono wake hauna mfano katika ukoo wetu. Hutia rangi miyaa, huipanga na kuisuka bila kuitazama, huku akizungumza. Binti zake wanajua nusu ya mitindo yake, wajukuu hatujui hata robo. Nilimweleza habari ya filamu inayoona kizani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza neno moja: "Nani ataiona, mjukuu wangu?"

Nilimjibu kama yalivyo. Itasafirishwa Ulaya, itasafishwa na watu tusiowajua, na mmoja wao ataitazama. Akanyamaza. Akaniambia nirudi Ijumaa.

Katika siku hizo niliifikiria sana adabu tunayofundishwa tangu chuoni. Surat an-Nur imetuamrisha tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tubishe hodi na kuwatolea salamu wenyewe, na iwapo tutaambiwa turudi, turudi. Kamera nayo ni mgeni. Hata ikishikwa na mjukuu, nyuma yake wamesimama watu wengi wanaotaka kuingia, na hao hawajabisha hodi. Kuhusu picha zenyewe wanavyuoni wamekhitalifiana, na kila mtu na amwulize amwaminiye katika dini yake. Lakini hata kwa anayeona kwamba picha inajuzu, idhini ya mwenye uso haiwi jambo dogo.

Ijumaa bibi alikuwa na jawabu. Nipige mikono, nisipige uso. Leso yake ya kichwa isiingie, wala sauti; nikamwambia katriji za leso hazina, maana katriji hizi za leo hazirekodi sauti. Filamu ikirudi, iwe moja, ikae kwake. Mama na shangazi yangu mdogo walikubali kuketi naye kwa masharti hayo hayo. Shangazi yangu mkubwa alikataa kabisa, wala hakutoa sababu, wala hakuulizwa. Nilihuzunika, kwa kuwa yeye peke yake ndiye ajuaye kushona mkeka kwa mtindo wa bibi, ukili kwa ukili, hata mshono usionekane.

Tulipiga baada ya Alasiri, katika chumba cha ndani, balbu imeshushwa karibu na mkeka. Niliwasha na kandili kando yake, si kwa ajili ya mwanga bali kwa kuwa bibi amezoea. Maabara niliiandikia mapema: nikaomba filamu igeuzwe bila kurekebishwa rangi, tukarekebishe wenyewe nyumbani, na nakala yao ifutwe tukishapokea yetu. Walikubali, na baadaye wakaandika kwamba wameifuta. Hilo ni neno lao, na sina njia ya kulipima. Nilimwambia bibi hivyo hivyo.

Picha zilizorudi si safi kama za simu. Fremu ya Super 8 haifiki milimita 6 kwa upana, na filamu yenye namba kubwa huwa na chembe kubwa, basi picha huonekana kama inapumua, kama vumbi lililo ndani ya mwale wa mwanga. Mwanga wa kandili umekuwa mwekundu wa asali, kwa maana mwali ni wa joto zaidi ya taa ambayo filamu hiyo ilitungiwa. Katikati ya hayo, mikono ipo. Kidole gumba kinakunja uyaa, cha shahada kinaupokea, cha kati kinausukuma chini, na kile kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho hatukuwahi kukitia maanani, ndicho kinachoukaza ukili. Mama alilisimamisha faili mara saba mahali hapo. Ameketi na binti zake maisha yake yote na hakuwa amekiona.

Kwa familia zinazofikiria jambo hili, nina machache ya kuongeza. Filamu hizi ziwekwe jokofuni, na katriji iachwe masaa kadhaa ipate joto la chumba kabla ya kufunguliwa, kwani joto na unyevu wa pwani huziharibu. Mwenye kusafiri asizitie katika mzigo wa chini ya ndege, maana mashine za huko zina miale mikali. Azichukue mkononi, aombe zikaguliwe kwa mkono. Na kabla ya kununua hata katriji moja, waulizwe kwanza wanawake wa nyumba, mmoja mmoja, kila mmoja akiwa peke yake, wala si mbele ya kamera. Anayeulizwa mbele ya watu huona haya kukataa, na idhini ya haya si idhini. Waambiwe safari yote ya filamu hiyo, nani ataisafisha, nani ataitazama, faili litakaa wapi, na nani atakuwa na haki ya kulifuta.

Filamu yetu ipo kabatini kwa bibi, pamoja na faili lake ndani ya diski ndogo, na ufunguo anao yeye. Akihitaji mtu kuitazama, humwita. Mimi nimeitwa mara mbili. Mshono wa shangazi mkubwa haumo, na huenda usiwemo kamwe katika picha yoyote. Mwezi uliopita alimwambia binti yangu, mwenye miaka kumi na mmoja, aje Alhamisi na sindano.