Ukurasa wa Kulia Kwanza

Kila programu ya kusomea nyaraka huja na maoni yake kuhusu msomaji. Kabla hujabonyeza kitu imeshaamua kama utaona ukurasa mmoja au miwili, herufi ziwe za ukubwa gani, na ubavuni kuwe na orodha ya sura au pawe patupu. Wengi wetu tunayapokea maoni hayo kama tunavyopokea siti ya daladala: imebaki hiyo, tunakaa. Nimefanya kazi ya uandishi wa habari zaidi ya miaka kumi, nimefungua ripoti za PDF zisizo na idadi, na sikuwahi kuingia kwenye mipangilio hata siku moja. Kilichonipeleka huko ni daftari la bibi.

Daftari lipo Tongoni, kijiji cha barabara ya Pangani, kusini ya mji wa Tanga. Wageni wanapajua kwa magofu: msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40, mengine ya nguzo, yamesimama karibu na mikoko. Wanapiga picha, wanaondoka. Maandishi mengine ya kale ya pwani hii yako ndani ya masanduku ya nguo, nayo hayana kibao cha utalii.

Bibi alinakili tenzi kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu, maneno ya Kiswahili. Ni daftari la kawaida la dukani, jalada gumu, pembe zimeliwa na wadudu. Ukoo mzima amebaki mtu mmoja anayeusoma mwandiko ule bila kukwama, naye ni Ami yangu, mdogo wake baba, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili. Hospitali ameshaambiwa aende. Anasema ataenda baada ya Ramadhani, hasemi Ramadhani ipi.

Kuna wanaodhani kazi hii ni ya kubadilisha herufi tu, alifu iwe a, mambo yamekwisha. Sivyo. Herufi za Kiarabu kwa matumizi ya zamani hazikutenganisha vizuri e na i, wala o na u. Mara nyingi “nd” iliandikwa d peke yake, na “mb” ikaandikwa b. Kwa hiyo neno moja kwenye karatasi linaweza kuwa maneno matatu mdomoni, na anayejua ni lipi ni yule aliyeusikia utenzi ukisomwa. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mshairi wa Tanga hii hii, alitunga utenzi wake wa vita vya Wadachi mwaka 1307 wa Hijra. Wengi wetu tunaujua kwa herufi za Kilatini kwa sababu J.W.T. Allen aliuhariri wakati wasomaji wa mwandiko ule walikuwa bado wengi. Mimi ninaye mmoja.

Basi nikapiga picha kurasa zote, nikaziunganisha ziwe faili moja, nikaja nalo kwenye kompyuta. Ami alitaka alione daftari kama lilivyo likifunguliwa, kurasa mbili pamoja. Nikachagua kurasa mbili. Akasoma beti kama kumi, akanyamaza.

“Mmezichanganya karatasi za mama.”

“Hapana, Ami. Nimepiga moja baada ya moja.”

“Basi zimepungua. Hebu tazama hili neno huku chini.”

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho chuo kikuu hakikunifundisha. Chini ya ukurasa wa kulia, pembeni kabisa, mwandishi wa zamani huweka neno moja peke yake: neno la kwanza la ukurasa wa kushoto unaofuata. Ni namba ya ukurasa kabla ya namba za kurasa. Karatasi zikichomoka, unazipanga kwa maneno hayo. Kwenye kioo changu lile neno lilikuwa upande wa kushoto, linaelekeza ukutani. Programu ilikuwa imeweka ukurasa wa 2 kushoto na wa 3 kulia, kama kitabu cha Kiingereza. Ami, kwa mazoea ya maisha yake yote, alianza kulia, yaani na ukurasa wa 3.

Karatasi zilikuwa kamili. Kilichopinduka ni jozi.

Nikaanza kuchimba. Kumbe muundo wa PDF wenyewe umeliwazia jambo hili zamani: ndani ya faili kuna mahali pa kuandika mpangilio wa kurasa, na mahali pengine pa kuandika mwelekeo wa kusoma, L2R au R2L. Kisipoandikwa kitu, inachukuliwa kuwa ni kushoto kwenda kulia. Mamilioni ya watu wanaosoma Kiarabu, Kiajemi, Kiurdu na Kiebrania ni lazima waseme. Wengine hawana haja ya kusema.

Dawa niliipata kwenye SumatraPDF, programu ndogo ya bure. Ukichagua mwonekano wa kitabu, ukurasa wa kwanza unasimama peke yake kama jalada, kisha jozi zinafuata. Halafu kuna kitufe cha kuzigeuza jozi hizo. Kinaitwa Manga Mode. Ni kwa ajili ya katuni za Kijapani, ambazo nazo husomwa kuanzia kulia. Nilicheka peke yangu. Utenzi wa bibi wa Tongoni umesomeka kwa hisani ya wapenzi wa katuni.

Ningeweza kukwepa vita yote hii. Ukurasa mmoja mmoja, unashuka kutoka juu hadi chini, hauna kulia wala kushoto, na herufi zinakuwa kubwa kwa jicho bovu. Kwa kusoma tu naona ndio mpangilio bora, na nilimwambia. Ami alikataa katakata. “Nitajuaje kama hakuna karatasi iliyoruka?” Tukaunganisha kompyuta na televisheni ya sebuleni kwa waya, kurasa mbili, mwandiko wa bibi umetanda ukuta mzima, watoto wa jirani wamechungulia dirishani wakidhani ni mpira.

Mipangilio hiyo inakaa kwenye kompyuta yangu tu. Nilipomtumia binamu wa Muscat faili, alilifungua kwa programu nyingine akarudisha ujumbe kwamba kurasa ziko kinyume. Ndipo nikamwomba rafiki mwenye Acrobat aingie kwenye sifa za faili lenyewe: lifunguke kurasa mbili, mshono uwe kulia. Si kila programu inatii maagizo hayo, lakini sasa yameandikwa ndani ya faili, na atakayelirithi atayakuta.

Tumefika ukurasa wa 31. Kuna maneno matatu Ami ameniambia niyaachie nafasi, ayawaze. Jumamosi tunaanza wa 32, umeme ukiwepo.