Je, Mr. Bean Ana Usonji?



Ndugu wazazi na wanafunzi, hapa Kikagate, na kule kambini Nakivale, Mr. Bean hahitaji mkalimani. Hasemi karibu neno, basi Msomali, Mkongo, Mrundi na Mnyankole wanacheka pamoja. Alianza kuonyeshwa Uingereza tarehe 1 Januari 1990, na hata watoto wa juzi wanamjua.

Mwanafunzi wetu mmoja mkubwa ametuuliza: yule mtu hana usonji kweli? Sababu ya swali ni kwamba chuoni kuna mtoto ambaye wenzake wanamwita "Mista Bini".

Tuangalie. Rafiki yake ni mwanasesere wa dubu. Siku yake ya kuzaliwa anaingia mkahawani peke yake, anajiandikia kadi, kisha anaifungua na kujifanya kushangaa. (Wengine hucheka hapo, sisi hatuwezi.) Mwenye ndugu wa hali hii ataona jambo analolijua. Lakini Rowan Atkinson, anayemwigiza, amemweleza kuwa ni mtoto ndani ya mwili wa mtu mzima. Tena Mr. Bean ni mjanja, anachungulia majibu ya jirani katika mtihani. Mtoto wetu hajui hila hizo. Ukimuuliza kama amehifadhi, na hakuhifadhi, atakwambia hapana, hata kama umekasirika.

Kwa hiyo sisi tunasema hawafanani. Aliye karibu naye zaidi ni Rizwan Khan wa filamu ya My Name Is Khan ya mwaka 2010, Muislamu, ambaye filamu yenyewe inasema ana Asperger, hali inayohesabiwa siku hizi ndani ya usonji.

Na lile jina? Surat al-Hujurat, aya ya 11, imekataza kuitana kwa majina ya kejeli. Darasani limekoma, uwanjani bado.

Mtoto huyu huziba masikio tukisoma kwa sauti wote, lakini akiwa peke yake anaisoma Juzuu Amma bila kukosea. Majirani walimwambia mama yake ni majini. Ruqya ni dua, hatuikatai, ila haizuii daktari. Tumemshauri ampeleke hospitali ya rufaa ya Mbarara. Nauli si ndogo, amesema wataenda akishauza mahindi. Kwa sasa tumempa mtoto sehemu yake ya mkeka isiyobadilishwa, na anasoma nusu saa kabla wenzake hawajafika.

Wabillahi tawfiq.