Bawabu wa Ghala la Programu

Nyumba isiyo na mlango ni uchochoro, na mlango usio na bawabu ni pambo la ukuta. Neno hili ni kweli kwa nyumba ya mawe, na ni kweli vile vile kwa ghala la programu, ambamo watu wengi huweka kazi ya akili zao pamoja, wakaisoma na kuirekebisha kwa zamu. Mtu aliyepewa kazi ya kusimamisha ghala kama hilo aghalabu hushughulika kwanza na ukubwa wa mtambo na wepesi wake, na swali la nani aingie huliahirisha mpaka siku ya mwisho. Mpango huo ni wa kichwa chini miguu juu. Mtambo ukiharibika hununuliwa mwingine; imani ya watu ikiharibika haina duka.

Maghala mengi ya siku hizi hutumia Git, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Git huandika jina la mtunzi katika kila badiliko, lakini huandika lile iliyoambiwa tu. Mtu akijiita kwa jina la mwenziwe, daftari hulipokea bila ya kumdai shahidi. Basi jina lililoandikwa si ushahidi wa mkono ulioandika, na ushahidi hauna budi kutafutwa mlangoni. Hapo bawabu ana maswali mawili, wala hayafai kuchanganywa. La kwanza ni, Wewe ni nani? La pili ni, Umeruhusiwa kufanya nini? Anayejulikana kwa jina anaweza kuwa na ruhusa ya kusoma tu, na mwenye ruhusa ya kuandika katika chumba kimoja asidhani kuwa amepewa nyumba nzima.

Jibu la zamani la swali la kwanza ni neno la siri. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, Fernando Corbató na wenziwe walitengeneza mtambo uliotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na kila mtu akapewa neno lake. Walakini maneno yote yaliwekwa wazi katika faili moja. Siku moja faili hiyo ilibadilishana mahali na tangazo la siku, na kila aliyeingia akasomewa siri za wote. Hapakuwa na mwizi. Palikuwa na kosa dogo la utaratibu tu. Lakini siri iliyohifadhiwa wazi haimhitaji mwizi ili ifichuke.

Dawa ya maradhi hayo ilielezwa na Robert Morris na Ken Thompson mwaka 1979. Neno la siri lisiwekwe lenyewe, bali lisagwe, na unga wake ndio uwekwe. Mtu akija na neno lake husagwa tena, na unga ukilingana huingia. Lakini hakuna awezaye kuurudisha unga kuwa nafaka. Tena kabla ya kusaga hutiwa kitu kiitwacho chumvi, ili watu wawili waliochagua neno moja wasipate unga mmoja. Mwenye kuandaa ghala leo hutumia vinu vizito kuliko vya wakati ule, kwa sababu kompyuta za adui zimekuwa na mbio. Lakini kanuni ni ile ile.

Hata hivyo neno la siri lina aibu moja isiyofutika: kila linapotumiwa hupelekwa, na kinachopelekwa huweza kunaswa njiani. Mwaka 1995, baada ya maneno ya siri kunaswa katika mtandao wa chuo chake, Tatu Ylönen alitunga SSH. Kwa njia hii mtu aweza kuwa na funguo mbili zilizozaliwa pamoja. Mmoja ni wa hadhara, naye humwachia bawabu. Wa pili ni wa siri, hautoki mkononi mwake. Bawabu humtolea mgeni fumbo, mgeni hulitilia sahihi kwa ufunguo wa siri, na bawabu huikagua sahihi kwa ule wa hadhara. Siri yenyewe haikusafiri. Si ajabu basi kwamba tarehe 13 Agosti 2021 GitHub iliacha kupokea neno la siri la akaunti kwa kazi za Git.

Maandalizi hayaishii katika funguo. Yapo maswali ya ubinadamu ambayo hakuna mtambo uwezao kuyajibu. Nani atamdhamini mgeni anayeandikishwa? Aliyeacha kazi atafungiwa mlango siku gani, na na nani? Aliyepoteza simu itoayo tarakimu zinazobadilika kila sekunde 30 atajithibitishaje? Wengi hujenga lango la chuma mbele, kisha wakauacha mlango wa uani umefungwa kwa kamba: barua moja ya kulalamika hutosha kumpatia mwongo ufunguo mpya. Nguvu ya nyumba hupimwa kwa mlango wake ulio dhaifu.

Na juu ya yote kuna mpaka wa kazi ya bawabu. Machi 2024, Andres Freund aliona kuwa kuingia kwa SSH katika kompyuta yake kunachelewa kama nusu sekunde. Alipochunguza aligundua hila iliyofichwa katika programu ya xz, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeitia ni mtu aliyejiita Jia Tan, ambaye kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa amefanya kazi kwa subira, akapewa na haki za mtunzaji. Hakuvunja kufuli wala hakuruka ukuta. Alipita mlangoni kwa ufunguo aliopewa.

Hapa ndipo funzo lilipo. Bawabu huthibitisha kwamba aliyekuja leo ndiye aliyekuja jana. Hathibitishi kwamba ni mwema. Ufunguo hutambua mkono, moyo hautambui. Kwa hiyo mlango mzuri haumwondolei mwenye nyumba wajibu wa kusoma kinacholetwa ndani, wala macho ya wengi hayaondoi haja ya mlango. Ghala lililo na kimoja bila ya kingine limelindwa nusu, na mwizi hatafuti zaidi ya nusu iliyobaki.