Kistari na Sifuri

Mwalimu aliyenifundisha kutunza kitabu cha alama alizikwa Masoko masika yaliyopita. Waliohutubia walimsifu kwa miaka yake katika kwaya ya Kimoraviani, kwa migomba yake, kwa watoto aliowasomesha mpaka chuo kikuu. Kitabu cha alama hakikutajwa. Mimi niliyekaa naye ofisi moja ya taaluma naona hicho ndicho kilichokuwa kikubwa katika kazi yake, na sipendi kipite kimyakimya.

Ya kwangu nitayasema upesi. Nilizaliwa mwaka 1962 katika kijiji kilicho juu ya Katumba, upande wa mashamba ya chai. Baba alilima chai na ndizi, mama akapeleka maharage na viazi soko la Tukuyu. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 1980, nikasoma cha tano na sita nje ya mkoa, nikaenda JKT kama wahitimu wa kidato cha sita wa wakati ule, kisha Chuo cha Ualimu Klerruu, Iringa, masomo ya Hisabati na Jiografia. Mwaka 1986 nikapangiwa shule ya sekondari humu humu wilayani Rungwe. Shule yenyewe siitaji.

Kizazi chetu kilikulia katika alama za maendeleo. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza letu likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Mwaka uliofuata, Novemba 1974, likaja Azimio la Musoma, likasema mtoto asihukumiwe kwa karatasi moja ya mwisho peke yake. Kuanzia 1976 kazi ya mwanafunzi shuleni ikahesabiwa nusu ya matokeo yake: 50 kutoka kwa walimu wake, 50 kutoka kwenye mtihani wa taifa. Tabia na kazi za mikono nazo zilipimwa. Nakumbuka tukiwa bustani ya shule, matope yamefika magotini, mwalimu wa zamu akipita kwenye matuta na daftari lake, akitazama nani amelima na nani ameegemea jembe. Tuliiheshimu alama ile kwa sababu tuliiona ikiandikwa.

Basi nilipofika kituoni nikiwa kijana, mwalimu wa taaluma alinipa kaunta buku yenye jalada gumu, rula na kalamu ya wino. Akaniambia nikae, anioneshe. Majina yakafuata rejista. Kila safu ikawa na tarehe juu, chini yake mada, chini yake jumla ya alama za jaribio. Akanipa masharti yake. Alama huingia kitabuni siku ile ile unaporudisha karatasi, mbele ya wanafunzi, kila mtoto akisikia yake ikisomwa. Huingia kwa wino. Ukirekebisha, unakata kwa mstari mmoja mwembamba ili ya zamani iendelee kusomeka, unaandika mpya pembeni na kutia sahihi. Sharti la mwisho ndilo lililozaa ugomvi wote: mtoto ambaye hakuwepo siku ya jaribio anawekewa kistari. Hawekewi sifuri.

"Sifuri ni alama," aliniambia. "Maana yake alikaa, akapewa karatasi, akashindwa. Huyu hukumpa karatasi. Umempima na nini?"

Kistari kwake kilikuwa deni, na mdaiwa ni mwalimu. Ilimpasa mwalimu aandae jaribio jingine la mada ile ile, uzito ule ule, ampe mtoto ndani ya wiki mbili, kisha aandike alama juu ya kistari.

Tulikuwa na binti mmoja kidato cha tatu aliyetoka ng'ambo ya mto. Anayeijua Rungwe anajua mito yetu inavyokuwa Machi na Aprili. Ukiamka asubuhi kivuko kimezama, huvuki, hata kama mtihani unaanza saa mbili. Binti yule alikuwa na 70, 66 na 68 katika Jiografia, na jaribio moja lilimpita mto ukiwa umejaa. Fanya hesabu. Majaribio matatu aliyofanya yanampa wastani wa 68. Ukimwekea sifuri na kugawa kwa nne, anashuka mpaka 51. Kwa madaraja ya leo, A ni 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na chini ya hapo ni F. Kwa hiyo sifuri moja ya mto imemtoa B kumpeleka C. A ina pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5, na tunajumlisha masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, 34 na 35 ni ziro. Mtoto mwenye pointi 17 akiongezewa moja tu, ameondoka daraja la kwanza. Nawaomba walimu vijana waifanye hesabu hii kwa mkono, kwenye karatasi, kabla hawajaandika sifuri ya mtu ambaye hawakumwona.

Binti alipewa jaribio la pili, akapata 71. Mama yake alikuja shuleni na mkungu wa ndizi kichwani, akasema, "Ndaga fijo, mwalimu." Mtaaluma akamwambia arudi nao nyumbani, akale na wanawe, kwa sababu alama haikuwa zawadi.

Mkuu wa shule aliyekuja baadaye hakukipenda kistari. Katika kikao cha walimu alisema kinafuga utoro: mtoto akijua hatapata sifuri, atakaa nyumbani siku ya jaribio, asome, aje kufanya la pili. Hoja yake ina uzito, sikatai, na wapo walimu wazuri wanaoishikilia mpaka leo. Lakini utoro una rejista yake ya mahudhurio, una barua kwa mzazi, una bodi ya shule. Alama ya Jiografia kazi yake ni kusema mtoto anajua Jiografia kiasi gani. Ukiigeuza kuwa fimbo, haisemi tena kitu kuhusu Jiografia wala kuhusu utoro. Tulishindwa kikaoni. Sifuri zikaandikwa.

Muhula wa mwisho ulipofika, fomu za alama za maendeleo zikitakiwa kupelekwa Baraza, mkuu yule yule aliyekuwa mkali wa sifuri alituita na kutaka alama zipandishwe. Shule nyingine zinapika, alisema, watoto wetu wataumia kwa uaminifu wetu. Wengi waliinamisha vichwa. Mtaaluma akasimama, akaweka kaunta buku zote mezani, akasema fomu zitajazwa kutoka humu au zijazwe na mtu mwingine. Zikajazwa na mtu mwingine, usiku, kwa kalamu ya bluu ya aina moja kuanzia jina la kwanza mpaka la mwisho. Kabla mwaka haujaisha mwalimu wangu akapata barua ya uhamisho kwenda shule ya mbali na familia yake. Aliyejaza fomu akapewa ofisi ya taaluma. Nayasema haya kwa utulivu, wahusika wakubwa wametangulia mbele ya haki, ila nilikuwepo na niliona.

Mpishi wa alama hujiona anamsaidia mtoto. Sasa tazama kilichotokea nchini. Shule inapeleka 80, mtoto huyo huyo anapata 22 kwenye mtihani wa taifa. Msahihishaji haoni jina, anaona namba ya mtahiniwa, na kwenye kituo cha usahihishaji kila mmoja hushika swali lake, hivyo hakuna wa kumpendelea mtu. Pengo kati ya 80 na 22 linasomeka lenyewe. Mwaka hata mwaka likasomeka, na imani kwa mwalimu ikapungua. Naamini kabisa hiyo ndiyo sababu sehemu yetu imekatwa na kukatwa tena: tulianza na 50, mwaka 2013 ikawa 40, leo ni 30 na mtihani una 70.

Ile 40 ya mwaka 2013 niliikubali kuliko zote, kwa sababu ilieleza kila punje inatoka wapi: mtihani wa kidato cha pili 15, muhula wa kwanza wa kidato cha tatu 5, wa pili 5, moko 10, kazi mradi 5. Haikudumu. Ilikuja katikati ya tufani. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionesha zaidi ya nusu ya watahiniwa wamepata ziro. Yakafutwa, yakapangwa upya kwa utaratibu wa mwaka 2011. Mwaka huo huo zikaja B+ na E, na tangazo la daraja la tano badala ya ziro, ambalo wananchi walilipigia kelele. Mwaka 2014 tukaingizwa kwenye GPA, mzazi wa Kiwira anauliza "merit" ya mwanawe ni divisheni ya ngapi, na sisi walimu tunajikuna vichwa. Mwanzoni mwa 2016 Waziri wa Elimu, Ndalichako, akaturudisha kwenye madaraja ya zamani. Mambo manne yamebadilishwa ndani ya miaka minne, na katika yote sikusikia hata mara moja mtu mkubwa akiuliza alama ya mwalimu inaandikwaje kitabuni. Walibadilisha majina ya masanduku, kilichomo hawakukifungua.

Na bado 30 si ndogo. Mtoto mwenye 60 ya maendeleo analeta 18. Akipata 40 kwenye mtihani, hiyo ni 28. Jumla 46, ana C. Mtihani peke yake ungempa D. Mtahiniwa wa kujitegemea hana hiyo 18. Alama yake yote inatoka kwenye karatasi. Ndiyo maana nakasirika ninapomsikia mwalimu kijana akisema maendeleo ni fomu ya kujaza wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho. Fomu hiyo ni miaka ya mtoto. Ni ule upande wake ambao karatasi ya saa tatu haiuoni: aliyeanza na 20 akapanda hadi 55, anayeandika polepole lakini anaelewa, anayejua kupima mteremko wa shamba la baba yake kwa kamba na vigingi. Ukibuni namba, umemwibia yeye na umemwibia mwenzake aliyefanya kazi.

Najua mtanijibu nini. Tulipopewa shule za kata, kuanzia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) wa mwaka 2004, madarasa yalijaa kabla walimu hawajafika. Mwalimu mmoja wa Hisabati, mikondo minne, watoto themanini kila mkondo. Nimefundisha humo. Jibu langu ni kupunguza majaribio, yawe machache na ya kweli. Majaribio matatu yaliyosahihishwa yanamweleza mtoto kuliko kumi ya kubuni. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali, na huko hakuna pa kujificha: mshono wa nguo au kiungo cha mbao hauwezi kupimwa Novemba kwa maswali ya kuchagua. Lazima mtu awe amesimama pale siku ile, ametazama, ameandika.

Mwalimu mmoja wa kike wa shule ya kata huja kwangu Jumamosi, tunakaa barazani na kompyuta yake. Programu ya shule yao inajumlisha alama na kugawa kwa idadi ya majaribio yote, hivyo nafasi tupu inasomwa kama sifuri. Wapishi wa zamani walihitaji usiku mzima, hii inafanya hivyo bila hata kuulizwa. Yeye ameongeza safu yake mwenyewe, ya majaribio ambayo mtoto amefanya kweli, na anagawa kwa hiyo. Anapotunga jaribio hutunga seti mbili kwa mkupuo mmoja, mada na uzito sawa, ya pili akaifungia kabatini kwa ajili ya wenye vistari, wote wafanye pamoja Ijumaa baada ya vipindi. Hapo hata hoja ya yule mkuu wetu imepata jibu: anayekaa nyumbani ili ayaone maswali hakuti yale aliyoyasikia.

Tunachobishania ni muda. Mimi nashikilia wiki mbili za mwalimu wangu, kwa sababu zikipita, darasa limeshakwenda mada nyingine na unampima mtoto kitu alichokisahau au alichokisikia kwa wenzake. Yeye anasema kistari kisifungwe mpaka muhula uishe, maana msimu wa chai ukipamba moto wapo watoto wanaoshikwa shambani mfululizo, na wiki mbili zinaisha hata hawajarudi darasani. Jumamosi ijayo ameahidi kuja na majina yao na tarehe walizokosa, tuzipitie moja moja.