Motokaa Ndogo za Nyantende

Mtu akitaka kujua ni motokaa za namna gani zilizopita Nyantende tangu barabara ilipolimwa, asisumbuke kutafuta vitabu. Na awaulize watu wa kila umri: “Ulipokuwa mtoto, ulitengeneza motokaa gani?” Atapata habari kamili. Maana mtoto wa kwetu hatengenezi motokaa ya kubuni tu. Hutengeneza ile aliyoiona kwa macho yake ikipanda kutoka Bukavu.

Baba zetu walikuwa watoto zamani za Wabeleji. Wao walitengeneza malori, kwa kuwa malori ndiyo waliyoyaona, yakichukua chai na magome ya mikwinini. Shina la mgomba lilichongwa kwa kisu likawa lori zima. Magurudumu yalikuwa vipande vya shina lile lile, au vya muhogo mbichi ikiwa mama hayupo karibu. Wengine walifinyanga kwa udongo, wakaanika juani, wakangoja siku mbili, na mvua ikaja. Lori la mgomba halina maisha marefu. Siku ya tatu limenyauka, siku ya nne mbuzi amelila. Baba zetu waliposimulia hayo hawakusikitika hata kidogo: migomba ilikuwa mingi, na lori la kesho lilikuwa zuri kuliko la jana.

Sisi twatoka katika zamani za waya. Tulikuwa watoto katika miaka ya 1970, nchi ikiitwa Zaire, na mtoto mwenye hatua mbili za waya alikuwa tajiri kweli. Waya tuliupata wapi? Mafundi wa nyumba walipofunga fito waliacha vipande vifupi, nasi tulivigombania. Mwavuli uliovunjika ulikuwa na vyuma vyema sana. Tena mtu akichoma tairi kuukuu, hubaki waya mwembamba ulio mgumu, wenye masizi; mikono yetu ilikuwa myeusi juma zima. Hatukuwa na koleo. Tulikunja kwa mawe mawili na kwa meno, na mwenzetu mmoja mpaka leo akicheka utaona pengo lililotoka katika kazi ile.

Kwanza tulikunja kiunzi cha chini, kirefu chenye pembe nne, halafu tukasimamisha nguzo za kibanda cha dereva, halafu sanduku la nyuma. Magurudumu yalikuwa nyayo za sapatu zilizokwisha. Tuliweka kifuniko cha mkebe juu ya unyayo, tukazungusha wembe kufuata ukingo wake. Taa za mbele zilikuwa vifuniko vya chupa za Primus. Lakini ujuzi wenyewe ulikuwa katika magurudumu ya mbele. Waya uliyoyashika ulipaswa kugeuka katikati bila kutoka mahali pake, kisha upande juu ndani ya tete refu mpaka kifuani mwa mtoto, na huko juu ukunjwe kuwa usukani. Hapo mtoto aweza kukimbia nyuma ya motokaa yake, na akizungusha usukani kuume, magurudumu nayo yageuka kuume. Aliyejua kufanya hivyo aliitwa fundi, hata kama shuleni alikuwa wa mwisho. Mimea ya waya hizo imeenea mbali; kule Malawi watoto huziita motokaa zao galimoto, na jinsi ya kuziendesha ni ile ile ya tete refu.

Na kipimo? Msomaji asidhani tulikadiria tu. Katika miaka ile barabara iliachwa bila kutunzwa, na wakati wa mvua malori yalikwama matopeni siku nzima. Dereva akilala, sisi tulilipima lori lake. Mmoja alitembea kutoka gurudumu la mbele hata la nyuma akihesabu hatua, mwingine akashika hesabu kwa vidole: hatua moja ya mtoto ni upana wa kidole kimoja katika motokaa yetu. Tulipokua tukajifunza hesabu tuliona ajabu. Hatua ya mtoto yapata sentimeta 60, na upana wa kidole chake sentimeta moja na nusu: yaani tulikuwa tukipunguza kila kitu mara 40. Mtasikia sasa hivi kwa nini twalitaja jambo hili.

Hapa inatupasa kuungama. Mwaka mmoja tulitaka kutengeneza lori lenye gari la nyuma, na waya haukutosha. Nyumbani mwa jirani mmoja palikuwa na waya mzuri wa kuanikia nguo, mrefu, usio na kutu. Usiku tuliukata. Asubuhi mke wake alikuta shuka zake matopeni, naye hakuhitaji kufanya upelelezi, kwa kuwa lori letu lilikuwa likipita mbele ya mlango wake na gari lake la nyuma. Tulichapwa na baba wa kila nyumba kwa zamu. Lori lilikunjuliwa mbele yetu, waya ukanyoshwa ukarudishwa mahali pake, nao ulibaki na mikunjo yake kwa miaka mingi. Kila tulipopita tuliyatambua magurudumu ya lori letu chini ya nguo za watu.

Wakati ule hatukujua kuwa duniani kuna watu wazima wanaofanya kazi hiyo hiyo. Huko Uingereza, mjini Liverpool, kiwanda cha Meccano kilianza mwaka 1934 kuuza motokaa ndogo za chuma kwa jina la Dinky Toys. Mwanzoni zilikusudiwa kusimama kando ya treni za kuchezea za kiwanda kile, na kipimo kilichozoewa baadaye ni kupunguza mara 43. Mara 43! Sisi kwa kidole chetu tulikuwa tumepata 40. Mwingereza mwingine, Jack Odell, binti yake aliruhusiwa kupeleka shuleni kitu cha kuchezea kinachoingia tu katika kisanduku cha viberiti. Baba akamtengenezea mashine ndogo ya kusawazisha barabara, na kwa namna hiyo zikazaliwa motokaa za Matchbox, mwaka 1953. Twampenda bwana huyo. Naye alitazama kwanza chombo alichonacho mtoto, halafu akatengeneza motokaa ya kutosha humo.

Marekani walifanya zaidi. Tangu mwaka 1930 mpaka 1968 palikuwa na shindano la vijana lililolipiwa na kampuni ya General Motors, lililoitwa Fisher Body Craftsman’s Guild. Kwanza vijana walitengeneza magari ya farasi ya kifalme, halafu wakaachiwa kubuni motokaa zao wenyewe, zilizopunguzwa mara 12. Walioshinda walilipiwa masomo ya juu, na baadhi yao wakawa wachoraji wa motokaa za kweli. Yule fundi wetu wa tete na usukani, aliyekuwa wa mwisho shuleni, zawadi yake ilikuwa zile fimbo tulizokwisha kuzitaja. Twayasema haya bila kumlaumu mzazi wetu ye yote. Hakuna aliyewaambia kuwa ule ni ufundi.

Kisha plastiki ikaja ikageuza mambo huko kote. Kampuni ya AMT ilianza mwaka 1958 kuuza masanduku yenye vipande vya motokaa mpya za mwaka, mtoto akavigundisha nyumbani kwa gundi. Kiwanda cha Tamiya cha Shizuoka, nchini Ujapani, kilianza mwaka 1946 kwa kupasua mbao, kikatengeneza mifano ya mbao, mpaka plastiki ilipokilazimisha kubadili kazi. Kiwanda cha Dinky nacho kilifungwa mwaka 1979. Siku hizi kuna mashine zinazochapa kipande cha motokaa kama vile mtu achapavyo barua, tabaka juu ya tabaka. Lakini tazama nani anayezitumia: mara nyingi ni wazee. Wale waliogundisha vipande wakiwa na miaka kumi ndio wanaogundisha hata leo wakiwa na mvi, nao wajukuu wao wanatazama vioo vya simu. Mchezo umezeeka pamoja na wachezaji wake.

Kwetu mambo yako kinyume. Hatujamwona Nyantende mzee mwenye kabati la motokaa ndogo. Mchezo haukuzeeka kamwe. Wachezaji ndio huondoka. Mvulana akifika miaka kumi na minne hivi aona haya, anamwachia mdogo wake, na mdogo wake huanza upya na vitu anavyovikuta. Kwa hiyo hakuna iliyohifadhiwa. Za waya zimeliwa na kutu, za mabua zimewasha moto wa jikoni. Hata sisi hatuna hata moja ya kuwaonyesheni.

Basi barabara ikaendelea kupitisha motokaa zake. Mwaka 1994 wakimbizi wengi mno wa Rwanda waliingia Kivu, na watoto wakaanza kutengeneza malori yenye hema la plastiki, wakiyafunika kwa vipande vya mifuko. Mwezi Oktoba 1996 vita vikafika Bukavu, ndipo Askofu Mkuu Munzihirwa alipouawa, tarehe 29. Watu wengi walikimbia. Twamkumbuka mtoto mmoja njiani, kichwani amebeba sufuria ya mama yake na mkononi anasukuma motokaa ya waya. Mtu mmoja alimkaripia aitupe. Mama akajibu: “Mwache, Baba. Akiisukuma hiyo hanililii.” Toka mwaka 1999 walikuja askari wa Umoja wa Mataifa, wa MONUC, ambayo mwaka 2010 iliitwa MONUSCO, na kwa miaka zaidi ya ishirini motokaa nyingi za watoto zilikuwa nyeupe. Walizipaka majivu au chokaa, wakaandika UN kwa makaa. Mwezi Juni 2024 askari wale waliondoka Kivu ya Kusini. Februari 2025 M23 wakaingia mjini Bukavu.

Sasa tuje kwa mjukuu wetu, mwenye miaka tisa. Tulimnunulia motokaa ya plastiki iliyotoka China, nyekundu, yenye milango inayofunguka. Siku ya pili gurudumu moja lilitoka, na hakuna aliyeweza kulirudisha, kwa kuwa kitu kile hakikutengenezwa ili kitengenezwe tena. Tukamwambia: “Usilie, koko atakutengenezea motokaa ya kweli.” Tukatafuta waya, tukaketi uani kwa majivuno. Wapendwa, mikono ilikuwa imesahau! Kiunzi kilipinda, usukani ukazunguka peke yake na magurudumu yakatazama mbele tu. Mtoto alivumilia kwa adabu. Mwishowe akasema: “Koko, ngoja nikuletee yangu.”

Akaleta motokaa ambayo hatukuijua habari zake. Ilikatwa katika bidoni ya manjano, ile ya mafuta ya kupikia. Pembe za bidoni ndizo pembe za motokaa, hata haikuhitaji kiunzi. Magurudumu yalikuwa vifuniko vya bidoni, viwili viwili vimeunganishwa kwa msumari uliopashwa moto. Ekseli ni kijiti cha mwanzi kilicholainishwa kwa mafuta ya mawese. Imekwenda sawa, bila kelele. Tulikuwa tumezoea kusema kuwa watoto wa leo hawajui kutengeneza kitu. Tulinyamaza.

Ila nyuma ya motokaa ile walisimama watu wanne wa udongo, na katikati yao bunduki kubwa ya kijiti juu ya miguu mitatu. Mama yake aliiona wakati ule ule nasi. Akasema kwa sauti ndogo: “Ondoa kitu hicho. Sitaki kukiona nyumbani.” Mtoto akastaajabu. “Mama, ndivyo ilivyo. Imepita jana.”

Hatukujua la kusema. Sisi ndio tuliopima malori kwa hatua ili yasikose ukweli, na sifa ya fundi wa Nyantende ni kutengeneza kile kilichopita. Lakini mama naye ana haki. Yeye ndiye anayelala na hofu ya kilichopita. Tulitaka kumwambia mtoto atengeneze Fuso la magunia, au gari la wagonjwa la hospitali, na tulipofungua kinywa tuliona kuwa tunamwomba aseme uongo kwa mikono.

Aliiondoa bunduki bila kubishana. Watu wa udongo akawaacha, akidai kuwa ni abiria. Mahali pa bunduki yamebaki matundu matatu katika bidoni, na maji ya mvua huvujia humo. Jana ametuuliza kama twaweza kumfundisha ule usukani wa tete, kwa sababu yake husukumwa kwa kijiti tu na haijui kukata kona. Tumemwomba siku mbili. Kuna mzee mmoja kule karibu na soko, mwenye pengo, aliyekuwa wa mwisho shuleni. Tutakwenda kumwuliza waya ule ulikuwa unafungwaje.